Mayai ya Bi Verdell

Hapa Belmare, Louisiana, saladi ya viazi haikabidhiwi mtu hivi hivi. Nimeolewa hapa miaka ishirini na ushei, pilau yangu wanaigombania mpaka ukoko, lakini siku niliyojitolea kutengeneza saladi ya siku ya mpira, mume wangu Alcide alinishika bega kama anayenipa pole ya msiba. "Mke wangu, nakupenda," akasema. "Lakini hilo liache." Saladi ilikuwa ya Bi Verdell Fontenette, jirani yetu wa uzio mmoja. Watu wakifika kwenye mahema nje ya uwanja wa chuo, tunakopika na kula kabla ya mechi, hata hujambo hawajatoa, wanauliza: hii nani katengeneza? Wakiambiwa Verdell, sahani zinanyooshwa.

Bi Verdell ni mjane, ana mtoto mmoja tu, Renard, na mazungumzo yangu leo ni ya huyo Renard.

Mpira wa huku ni ule wa kubebwa mikononi, umechongoka huku na huku kama papai changa. Renard alikuwa mdakaji wa pembeni. Kazi yake ni kutimua mbio kando ya mstari, mwenzake aurushe mpira kutoka mbali, yeye audake na kukimbia nao mpaka mstari wa bao. Mungu alimpa miguu mirefu, viganja vipana, na kuruka kwake ungesema kuna mtu anamvuta kwa juu. Tangu yuko sekondari watu walimwita Jumapili, kwa sababu ligi ya kulipwa huchezwa Jumapili, na hakukuwa na mtu mjini aliyekuwa na shaka kwamba huko ndiko atakakoishia.

Basi akaingia chuo chetu, na misimu mitatu ikapita anaangusha mipira. Si yote, maana angekuwa anaangusha yote tungemsamehe. Alikuwa anadaka ile migumu ambayo binadamu wa kawaida haigusi, halafu ile myepesi, akiwa peke yake na njia nyeupe mbele yake, inamponyoka. Sababu ilijulikana. Mpira ukikaribia kufika mkononi, Renard anageuza shingo kuangalia mstari wa bao. Kocha Pettway alimwambia mpaka sauti ikamkauka: daka kwanza, ndipo ukimbie. Kijana anaitikia vizuri kabisa, "Ndiyo, Kocha," na Jumamosi, siku ya mechi za chuo, anarudia yale yale.

Kwenye mahema hawakumwonea huruma.

"We Jumapili, mikono umeipaka mafuta ya kukaangia samaki?"

"Mwacheni, jamani. Mtoto anashangilia bao mapema ili baadaye asichelewe kula!"

Renard anacheka nao, kisha anakuja kuegemea uzio wetu. Mimi nilikuwa namwonea uchungu sana. Kusifiwa kwa kitu ambacho hujakifanya bado ni mzigo, na yeye alikuwa ameubeba tangu ndevu hazijaota.

Mwaka wake wa mwisho ulipoanza, mama yake akaamua kulishughulikia kwa njia yake. Kila Ijumaa kabla ya mechi ya nyumbani alikuwa akichemsha mayai ya saladi. Ijumaa hiyo akatoka na trei ya mayai mabichi, akasimama mlangoni pa jikoni, akamwamuru mwanawe asimame kule mwisho wa ua.

"Mama, unafanya nini?"

"Natengeneza saladi. Utakayodaka nitachemsha. Utakayovunja, basi."

"Mayai mabichi? Mama, hizi siku mayai ni ghali!"

"Ndiyo maana utayaangalia."

Yai halina msamaha. Ukilipokea kwa mikono migumu linapasuka, na ukigeuza macho linakupita. Siku hiyo mengi yalimpita, na moja likatua kwenye shuka langu jeupe lililokuwa kambani. Kesho yake saladi ilikuja nyeupe kama ukuta wa zahanati. Mzee mmoja akaionja, akachimba kwa uma, akachimba tena.

"Verdell, mayai yako wapi?"

"Muulize mwanangu."

Watu walicheka mpaka viti vikapinduka. Tangu hapo saladi ndiyo ikawa utabiri wetu. Kabla ya mechi Alcide anaacha nyama ya mbavu anayochoma inaungua motoni, anakwenda kufunua bakuli la Bi Verdell, kisha anarudi na taarifa: "Leo ya njano kidogo," au, "Jamani, leo tuombe Mungu."

Siku ya Kurudi Nyumbani, ambapo waliowahi kusoma hapa hutoka kila pembe ya nchi kuja kuona chuo chao kikicheza, bakuli lilifunuliwa likawa la njano tupu. Alcide alitaka kulia. Jioni mchezo ulikuwa unakwisha na wageni walikuwa mbele yetu kidogo, bao moja tu lingetupa ushindi. Mpira ukarushwa mbali sana, na chini yake alikuwa Renard peke yake, njia nyeupe, yaani mpira wa ile aina anayoiangusha. Uwanja mzima ulisimama. Mimi nilifumba macho, nikayafumbua kwa sababu ya umbeya. Nikamwona anauangalia mpira unaingia viganjani, anauangalia anavyoukumbatia, anauangalia mpaka umefichika kwapani. Hapo ndipo alipoinua kichwa na kukimbia, na hakukuwa na wa kumshika.

Beni la chuo lilipiga mpaka ngoma moja ikatoboka. Nilimrukia Bi Verdell shingoni. "Umemwona? Umemwona mwanao?"

Akajitengeneza kofia. "Nimemwona. Moja hiyo."

Nikadhani ni roho ngumu tu.

Msimu ulipokwisha akaja bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, wakala wa wachezaji, akakaribishwa chakula kwa Bi Verdell. Akasema Renard aache masomo Januari, aende naye Florida kufanya mazoezi na wataalamu, kwa sababu huko ndiko wakubwa wa ligi wanakotupia macho. Muhula uliobaki wa chuo hauna miguu, hautakimbia. Habari ilienea mjini kabla sahani hazijaoshwa. Alcide akapiga kelele kupitia uzio, "Nenda, mwanangu! Unangoja nini? Tumekuita Jumapili miaka yote hii bure?"

Renard akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unasemaje?"

"Nasema gumbo inapoa," akajibu Bi Verdell, akaendelea kuchota mchuzi ule mzito wa bamia na kamba.

Aliniambia baadaye kwamba usiku huo hakulala hata lepe. Alikuwa ameona vijana wangapi wa Belmare wakiondoka Januari na mabegi mapya, wakarudi Septemba bila ligi wala cheti, wakabaki kusimulia mbio zao kwenye kituo cha mafuta. Lakini akisema baki, na ligi ikampita mwanawe, atalaumiwa mpaka kaburini. Akafunga mdomo, akaacha mtoto aamue.

Asubuhi yule bwana alirudi kuchukua jibu, na Renard akamsindikiza hadi kwenye gari. Mimi nilikuwa naanika nguo, na uzio wetu ni mfupi.

"Nashukuru sana, bwana," alisema. "Ila cheti cha huku bado sijakidaka. Nikigeuza shingo sasa, najijua."

Mji ulinuna. Walisema kijana kaingiwa na wazimu, wengine wakasema mama kamroga kwa mayai. Renard akasoma, na jioni akafanya mazoezi peke yake. Machi watu wa ligi walipita chuoni, wakampima mbio, wakamshika mkono, wakamshukuru. Aprili, siku ambazo timu za ligi huita majina ya vijana wanaowachagua, nyumba ile ilikaa na televisheni wazi na simu juu ya meza. Simu haikulia. Niliona wanazima taa ya sebuleni nikalia kwa niaba yao. Kidogo mlango wangu ukagongwa. Ni Renard, na bakuli.

"Shangazi, kuna ukoko?"

Nikampa sufuria nzima. Alikula amesimama, akashiba, akaniambia ana mtihani asubuhi.

Mei wakatoa vyeti pale pale uwanjani. Viti vilipangwa kwenye nyasi, na tukaonywa tusipige kelele mpaka majina yote yaishe, onyo ambalo halijawahi kufuatwa na mtu hapa. Jina la Renard Fontenette lilipoitwa tukapasua anga. Alipokuwa anarudi na joho lake, Bi Verdell akasimama kwenye ukingo wa jukwaa la watazamaji, akafungua mkoba, akatoa yai.

"Verdell, hapana!" mama mmoja akapiga ukelele, akafunika kofia yake kwa mikono miwili.

Yai lilikwisha ruka. Lilipita juu ya vichwa vya maprofesa. Renard aliliona, akabana cheti kwapani kwanza, akakibana sawasawa, ndipo akainua mikono. Akalifuata kwa macho mpaka likatua, akalipokea kwa kulirudisha tumboni polepole. Akafungua viganja. Zima. Watu elfu kadhaa walilishangilia yai. Akaligonga kidogo kwenye kiti ili alimwage nyasini, likapasuka ganda tu.

"Mama! Kumbe lilichemshwa?"

"Ulidhani nitakuchafua mbele za watu?" alijibu kwa sauti, kisha akakaa, akanishika mkono. "Mbili," akaniambia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta.

Siku hizi Renard anafundisha hesabu shule ya kati, na jioni anawafundisha watoto kudaka. Ana mke, na kitambi kimeanza. Bado hakosekani mtu wa kumwambia kwamba angeondoka Januari ile leo angekuwa tajiri. Yeye hujibu, "Huenda, mjomba," na hakuna kinachomkaa moyoni. Nimemchunguza sana, mimi mmbeya, sijakiona.

Mwaka jana mikono ya Bi Verdell ilianza kutetemeka, akashindwa hata kumenya viazi. Mji mzima ukawa unajiuliza saladi itakwenda kwa nani. Sitaficha kwamba nilinunua bakuli jipya. Siku ya Kurudi Nyumbani ilipofika, bakuli la zamani likawekwa mezani kama kawaida, na mwanamke mmoja aliyetoka Chicago akalitazama kwa shaka, sahani ameikumbatia kifuani.

"Hii nani katengeneza?"

Bi Verdell aliinua kidevu pale alipokaa.

"Renard wangu."

Watu wakatazamana kidogo tu. Kisha sahani zikanyooshwa, na ya Alcide ilikuwa ya kwanza.