Bibi Aliyezaliwa Mabamba

Siku hizi nikiwa msibani, mshereheshaji akatangaza kwamba sasa utasomwa wasifu wa marehemu, mimi huinuka nikaenda msalani. Nakaa huko mpaka wamalize. Jirani zangu wa Kasulu wanadhani nina tumbo baya, na nimewaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba nakiona afadhali choo cha shimo cha watu wa matanga kuliko karatasi ile. Choo hakijifanyi kitu kingine.

Marehemu wangu ni baba. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini katika kijiji kimoja upande wa Mabamba, Kibondo, mahali ambapo asubuhi ukisimama uwanja wa shule unaona moshi wa watu wa Burundi wakichemsha uji, kama unavyoona wa jirani yako. Akiwa bado mwalimu kijana alikwenda vitani Uganda. Alirudi na sikio moja, maana la kushoto liliharibiwa na mlipuko likabaki pambo tu, na alirudi hawezi kukaa karibu na nyama inayochomwa. Vita hakutusimulia. Tulichojua ni kwamba wakiwasha jiko la mishikaki gulioni, baba anazunguka njia ya mbali, na sisi watoto nyuma yake na mate yetu mdomoni.

Darasani alikuwa na sheria moja iliyomfanya achukiwe na kila mtoto: hakuna kufuta. Ukija na kifutio anakitupa dirishani. Ukikosea, unapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya kosa, lisomeke, kisha unaandika jibu sahihi juu yake. "Anayefuta anaficha," alisema, "na anayeficha atakosea tena palepale." Madaftari yetu yalikuwa kama shamba lililolimwa na mlevi, na wakaguzi walimkemea kwa hilo kila walipokuja. Nilipita darasani mwake nikiwa la nne, nikamchukia kuliko watoto wote, kwa sababu wenzangu walimwacha shuleni saa nane na mimi nilirudi naye nyumbani.

Mwaka 2012 mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa na maneno yakaenda nao, yakabaki mawili matatu. Mimi nilikuwa tayari nina cherehani yangu sokoni Kasulu, nikasema nitamchukua nikakae naye. Baba akaniuliza nimchukue nimpeleke wapi, wakati mke ni wake. Basi mzee yule mstaafu, shati limepigwa pasi, akawa anachota maji kisimani na kuyabeba kichwani mchana kweupe. Alimwosha mama, akamfulia zile kanga za kulalia, akamlisha ugali wa muhogo tonge kwa tonge. Kwetu mwanaume habebi maji kichwani labda awe amerukwa na akili. Walicheka mpaka kisimani. Walisema mwalimu amelishwa limbwata. Nami nikienda kuwasalimu, nikimkuta anaanika zile kanga, nilikuwa naingia kwa mlango wa uani ili wapita njia wasinione nimesimama naye. Aliniona, akaniambia bila hasira, "Jeshini niliwaosha wanaume nisiowajua hata majina, mama. Nitashindwa huyu?" Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao.

Sasa nije kwa bibi. Mama yake baba alizaliwa ng'ambo, Burundi, kwenye kilima tulichoonyeshwa kwa kidole tangu tungali wadogo. Alivuka mto akiwa mwali, akaolewa kwetu, akazaa, akazeeka, akazikwa nyuma ya migomba ya babu. Nusu ya wanawake wa kijiji kile walivuka hivyohivyo, kwani lugha zinasikilizana na watu walikuwa wakioana tangu zamani. Mama yake mwenyekiti wa kijiji alivuka siku moja na bibi yangu. Walikuwa marafiki wa kuchangia hata jiwe la kusagia, na mama yule alipougua mwaka mzima, mwenyekiti, akiwa mtoto wa kutambaa, alilelewa na bibi. Baadaye akaja kufundishwa kusoma na baba. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue namzungumzia mtu wa namna gani.

Mwaka 2013 ukaja uhakiki wa raia. Watu walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kuvushwa, wengine wakaacha mihogo imelowekwa. Kila kaya ililetewa fomu, na fomu iliuliza wewe, wazazi wako, na wazazi wa wazazi wako mlizaliwa wapi. Mwenyekiti, ili kazi iende haraka na kijiji kisibaki kitupu, aliijaza sehemu ile yeye mwenyewe: mabibi wote wakazaliwa Mabamba. Ukizisoma fomu zile utadhani Mabamba ndiko nchi nzima ilikokwenda kujifungua. Watu wakatia dole gumba wakaenda zao shambani.

Baba akasoma yake. Nadhani ndiye peke yake aliyesoma. Akatoa kalamu, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya neno Mabamba, akaandika juu yake jina la kile kilima cha ng'ambo, akatia saini na tarehe pembeni.

Mwenyekiti alikuja mbio kumwona. Nilikuwapo, nimekuja kumsalimu mama. Aliketi kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya huruma, "Mwalimu, na wewe! Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ni nani hapo?" baba akauliza. "Mama yangu au mama yako?"

"Sijasema hivyo, mwalimu. Nasema andika kama wenzako."

"Oya," baba akasema. Hapana ya Kiha, fupi, isiyo na mlango. "Huyu mama alinizaa. Simhamishi kijiji baada ya kumzika."

Mwenyekiti alipoondoka nikamwambia baba asiwe mkaidi, Mabamba na kule ni mto tu katikati, nani atajua. Akaniambia nimpatie sabuni, mama hajaoga.

Wiki mbili baadaye akaitwa ofisi ya kata. Nilisafiri tena kutoka Kasulu, vumbi jekundu likanifanya nionekane nimefufuliwa. Uwanja ulikuwa umejaa waliokuja kusikiliza, karibu wote waliopita mikononi mwake. Mezani walikaa mwenyekiti wetu na wazee wawili, na katikati yao bwana mdogo mmoja wa uhakiki kutoka mjini, mwenye viatu vilivyochongoka. Alishika fomu ya baba kwa ncha za vidole viwili. "Hii fomu chafu," akasema. "Mzee, mama yako Mrundi?"

"Alizaliwa Burundi, akaolewa hapa."

"Basi na wewe ni Mrundi."

"Mimi nimezaliwa nyumba ile yenye migomba," baba akasema, akanyoosha kidole upande wa kijiji chetu. Kisha akatoa karatasi zake za jeshi kutoka kwenye jalada la daftari, akaziweka mezani. Bwana mdogo akazipekua kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, akasema karatasi za namna hiyo mtu anaweza kuzipata popote. Halafu akamgeukia mwenyekiti. "Wewe mwenyeji. Bibi huyu, mama yake mzee, ulimfahamu? Alikuwa mtu wa hapa?"

Mwenyekiti alikuwa na neno moja tu la kusema. Kama angesema, "Ndiyo, alikuwa mtu wa hapa, alinilea," mambo yangeishia pale. Lakini angeulizwa na yeye mama yake alitoka wapi. Akaitazama meza. "Nilikuwa mdogo," akasema.

Baba alikuwa hajasikia. Akaligeuza sikio lake zima, akamwomba arudie. Mwenyekiti akarudia kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, kwamba alikuwa mdogo, hamkumbuki. Hamkumbuki mwanamke aliyemfuta makamasi! Wahenga walisema fadhila za punda ni mashuzi, lakini punda hujamba akiwa amekupa mgongo. Huyu alifanya hivyo ametugeuzia uso.

Ningependa kuishia hapo, na hadithi ibaki ya mwenyekiti. Bwana mdogo akatupa macho uwanjani akauliza kama kuna yeyote anayeweza kumthibitisha mzee. Watu wakakohoa. Akaniona nimesimama nyuma ya baba. "Na wewe mama, ni nani yake? Unalifahamu suala hili?"

Nikasema, "Mimi naishi Kasulu."

Ndivyo nilivyojibu. Baba hakugeuka. Sijui kama sikio lake lilinishika au halikunishika, na sikuwahi kumwuliza.

Fomu yake ikatengwa kwenye rundo la wenye mashaka. Hawakumvusha, labda kwa sababu ya mvi. Walimwamuru afike ofisi ya kata kila Jumatatu kutia saini kwamba yupo, mpaka uchunguzi ukamilike. Karatasi za jeshi wakabaki nazo, na hazikurudi. Kila Jumatatu alimwosha mama alfajiri, akapiga pasi shati, akatembea saa moja na nusu kwenda kuthibitisha kwamba hajatoroka kwao. Njiani alipishana na wanafunzi wake wakienda kulima. Walimsalimu kwa heshima zote, wakipiga makofi ya salamu na kuinama. Salamu waliijua sana.

Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema kila nilipokwenda: fomu ile irudi imegongwa muhuri kama ilivyo, na jina la kilima juu yake. Akubaliwe kuwa mtu wa hapa na mama yake akiwa wa kule. Hakuomba zaidi ya hapo. Nilimwambia ataipata, nikijua nasema uongo.

Masika ya 2014 alinyeshewa akirudi kutoka kutia saini. Kikohozi kikashuka kifuani, akafa katika siku tisa.

Hapo ndipo watu walipompenda. Mwenyekiti akaongoza kamati ya mazishi. Turubai likafungwa, vipaza sauti vikaletwa, na yule bwana wa viatu vilivyochongoka akaja kama mgeni wa heshima. Wakachinja ng'ombe, na kwa ajili ya wakubwa wakachoma nyama hatua ishirini kutoka jeneza lilipolazwa. Niliwaomba wachemshe. Wakaniambia wageni hawali ya kuchemsha. Moshi ukamfuata mzee wangu mpaka ndani ya nyumba, naye safari hii hana njia ya kuzunguka.

Kabla ya ibada mwenyekiti akaniletea wasifu niupitie, kwa kuwa mimi ndiye mtoto mkubwa. Ulichapwa vizuri. Marehemu alikuwa mzalendo asiyetiliwa shaka. Marehemu alilitumikia taifa darasani na vitani. Marehemu alizaliwa na baba na mama, wote wenyeji wa Mabamba.

"Tumemsafisha mzee," mwenyekiti akaninong'oneza. "Kwa ajili yenu watoto. Mtahitaji vitambulisho."

Alinipa na kalamu. Naikumbuka kalamu ile, ilikuwa ya bluu na kifuniko kimetafunwa. Nilijua mstari unapopita. Nilijua pia kwamba nikiupiga, mimi na wadogo zangu wanne na watoto wao tutahamia kwenye lile rundo. Nikafikiri hivyo kwa muda usiotosha hata kutunga uzi kwenye sindano, nikamrudishia karatasi yake ikiwa safi. Ikasomwa kwa kipaza sauti. Watu walilia sana, hasa waliokohoa siku ile uwanjani. Mwenyekiti alilia kuliko wote, na midomo yake iling'aa mafuta ya nyama. Nilimtazama nikajiambia kwamba mimi si kama yeye.

Baada ya arobaini nikamchukua mama tukaja Kasulu. Sasa nikawa mimi wa kumwosha na kumlisha, na nilikuwa naifanya kazi ile vizuri. Nilijivunia. Nilidhani namlipia baba kitu fulani.

Mwaka 2015 zamu yetu ya kuandikishwa kwa ajili ya vitambulisho ikafika. Nilimketisha mama kwenye benchi ubavuni kwangu, nikamshika mkono wake mzima, maana watu wengi walimtia wasiwasi. Mwandikishaji alikuwa binti mpole, aliyejua kazi yake. Akaniuliza jina, akaniuliza mtaa, akaniuliza wazazi. Kisha akauliza bibi mzaa baba alizaliwa wapi.

Mama huyu alikaa na bibi yule nyumba moja miaka kumi na minane. Alimuuguza mwenyewe, na macho ya bibi ni yeye aliyeyafumba. Kusema hawezi, lakini kusikia anasikia kila kitu.

"Mabamba," nikasema.

Binti akaandika. Wala hakuinua uso. Mama akautoa mkono wake mkononi mwangu, polepole, akaufuta kwenye kitenge chake.