Injini Ilivyokogeshwa Mchafukoge

Shamsa Abdulmalik alizaliwa Mchafukoge, akalelewa Mchafukoge na akaolewa hapohapo Mchafukoge, na katika umri wake wote hakuwahi kuendesha chombo chochote zaidi ya baiskeli ya kaka yake. Alipovuka miaka arobaini na mitano ndipo akaenda kujiandikisha shule ya udereva. Alikuwa mtu mzima peke yake kwenye darasa la vijana. Akafeli, akarudi, akapata leseni. Baada ya hapo akanunua Korola nyeupe ya zamani kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anahamia Mtwara.

Nyumbani walidhani gari litakaa tu uani kama pambo. Shamsa akaanza kulipeleka Kariakoo kila asubuhi, likiwa na magunia ya iliki na mdalasini kwenye buti, hadi Mtaa wa Mkunguni alikokuwa na meza ya viungo. Kwa miguu angefika mapema zaidi. Foleni ilimlaza njiani, wasukuma mikokoteni wakamfokea, na bado aliteremka garini akitabasamu peke yake.

Lakini gari lilikuwa na ugonjwa. Kila lilipolala liliacha doa la oili chini, na lilipokwama kwenye foleni ilitoka harufu ya kitu kinachoungua kwenye boneti. Akalipeleka mtaa wa Gerezani kwa Vitalis, fundi mwenye asili ya Songea ambaye mumewe alimfahamu siku nyingi. Vitalis akafungua boneti, akainama, akainuka, akainama tena.

"Dada Shamsa, injini hii inavuja kila mahali," alisema. "Juu oili, chini oili, ubavuni oili. Lingekuwa gari langu, ningetafuta injini nyingine."

Sadalla, mumewe, mwendesha winchi wa bandarini, alikuwa amekuja naye siku hiyo. Akatikisa kichwa kukubali. Kwake, neno la fundi lilikuwa la mwisho.

Shamsa alisogea kwenye boneti. Alikuwa ameinama yeye sasa, akitazama ndani. Alichokiona kilimkera zaidi kuliko kumtisha. Miaka na miaka ya oili na vumbi vilikuwa vimekaangana pamoja vikawa ganda jeusi, nene kama ukoko wa wali ulioungua. Hukuweza kujua kipi chuma, kipi mpira, kipi waya. Na Shamsa alikuwa mtu wa kupepeta pilipili manga mpaka isibaki hata chembe ya mchanga.

"Fundi," aliuliza, "umejuaje kwamba inavuja kila mahali, wakati hapa hakuna kinachoonekana?"

Vitalis akafuta mikono kwenye tambara, akafikiri. Hakuwa mtu wa kununa akiulizwa. "Kusema kweli sijui. Nimeona oili imeenea kote, ndiyo nikasema hivyo. Pakisafishwa ndipo tutajua inatokea wapi."

"Basi nitapasafisha mimi. Nyumbani."

"Mke wangu, hiyo ni injini," Sadalla alisema.

"Nimeiona. Masufuria ya shughuli za ukoo mzima nayasugua mimi. Hii ina nini?"

Vitalis akacheka, halafu akaona kwamba Shamsa hacheki. Akampa dawa ya kuyeyushia grisi kwenye galoni na kumweleza polepole. Asithubutu kutumia petroli, inalipuka. Asimwagie injini ikiwa ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Atoe waya wa betri kwanza. Afunike alteneta ile inayochaji betri, boksi la fyuzi na mdomo wa chujio la hewa. Na maji yaende taratibu, ya kunyunyiza, si ya kupiga kwa mpira. Shamsa alimrudishia maelezo yote neno kwa neno, na Vitalis akaridhika.

Jumapili iliyofuata Sadalla alikuwa zamu bandarini. Shamsa aliamka kama mtoto siku ya Idi. Alivaa dera kuukuu, akajifunga kanga kiunoni, akatoka uani na ndoo, brashi, miswaki ya zamani na rundo la vitambaa. Jirani yake Hyasinta, fundi wa mapazia aliyekuja mjini kutoka Masasi, alikuwa ndiyo kwanza anarudi misa. Akasimama na viatu vyake vya kisigino.

"Dada Shamsa, unamchinja nani?"

"Simchinji mtu. Namkogesha."

Hyasinta akalitazama gari, akalitazama lile ganda jeusi, akaguna. "Mchafu, koge," alisema. "Leo mtaa umepata maana yake. Ngoja nibadilishe nguo."

Walitoa waya wa betri, wakaziba sehemu alizotaja Vitalis kwa nailoni za kufungia mapazia na kuzikaza kwa rababendi. Kabla hawajagusa maji, sauti ikatoka juu. Ilikuwa ya Mzee Nurdin wa ghorofa ya kwanza, aliyejipa mwenyewe kazi ya kulinda usafi wa ua na hakuna aliyewahi kumnyang'anya.

"Shikamoo, mzee," walisema wote wawili.

"Marahaba. Hayo mafuta yataelekea wapi? Kwenye mtaro wetu?"

Shamsa alikuwa amelifikiria hilo tangu juzi. Akamwonyesha maboksi aliyoyatandaza chini ya gari na gunia la maranda aliloliomba kwa mafundi seremala. "Maranda yatanyonya, mzee. Tone halitafika mtaroni."

Mzee Nurdin aliyapima maranda kwa macho. Alivuta kiti, akaketi dirishani kutazama.

Walianza kavu. Shamsa akafagia kwa brashi, na vikatoka vumbi, majani makavu, manyoya ya njiwa na pamba aliyoificha panya. Kisha akanyunyiza dawa na kusubiri. Ganda likaanza kulainika na kutiririka. Akaanza kusugua, na alipopitisha kitambaa mara ya kwanza juu ya mfuniko wa injini, mkono wake ukasimama hewani.

"Hyasinta, njoo uone."

Chini ya weusi ule palikuwa na chuma chenye rangi ya fedha, na juu yake maandishi yaliyochongwa, kila herufi imekaa mahali pake. Hyasinta akayagusa kwa kidole. Wakatazamana. Tangu hapo hawakuwa tena wanawake wawili wanaofanya usafi. Kila mmoja alikuwa anachimba upande wake na kumwita mwenziwe. Mpira uliodhaniwa umeoza uling'aa kumbe mzima. Waya mweusi ukageuka mwekundu, mwingine ukawa wa kijani. Kwenye kona, nyuma ya betri, mswaki wa Shamsa uligonga kitu kigumu. Akakikwangua, akakivuta. Spana ndogo, imeshika kutu, imezikwa humo na fundi ambaye huenda hadi leo anaitafuta.

"Kuna nini tena huko?" Mzee Nurdin aliuliza kutoka juu, na safari hii sauti yake haikuwa ya kulinda ua.

Walisuuza kwa kopo la kunyunyizia maua, wakafuta, wakasuuza tena. Maranda yalikunywa uchafu mpaka yakawa kama udongo wa mfinyanzi, wakayazoa na kuyafunga kwenye gunia. Kisha wakatoa nailoni zote na kuacha jua la Dar lifanye kazi yake. Kwa mara ya kwanza Shamsa aliweza kuifuata injini kwa macho, bomba hadi bomba, kama mtu anayesoma ramani ya mtaa wake.

Alirudisha waya wa betri, akaketi kwenye usukani, akasema bismillah na kuzungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu tena. Ikakohoa, ikanyamaza.

Shamsa alimfikiria Sadalla akirudi na kulikuta gari limekufa kwa usafi.

"Mpigie fundi," Hyasinta alisema, na tayari alikuwa ameshabonyeza namba kwenye simu ya Shamsa na kuweka sauti kubwa.

"Inazunguka lakini haishiki?" Vitalis aliuliza. "Hapo usihangaike na ufunguo, utamaliza betri. Kuna maji yameingia kwenye vishimo vya plagi. Zima kabisa. Chomoa zile waya nne za juu, moja moja, usizichanganye. Funga kitambaa kwenye kijiti, ukaushe ndani kama unavyokausha sikio."

Shamsa akashuka. Akachomoa waya wa kwanza na kuchungulia, na kweli, humo ndani maji yalikuwa yametuama, yanamemeta. Alikausha kishimo kimoja, akarudisha waya wake, akahamia cha pili. Hyasinta alimshikia simu na tochi. Shamsa alipomaliza cha mwisho akajifuta jasho kwa mkono, akabaki na mstari mweusi kwenye paji la uso, akarudi garini.

Injini ikazunguka mara moja tu, ikashika.

Hyasinta alipiga vigelegele hapohapo, vya harusini kabisa, na kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza Mzee Nurdin akajikuta anapiga makofi. Vitalis kwenye simu alikuwa anauliza vipi, vipi, na hakuna aliyemjibu.

"Sasa nisikilize," alisema walipokumbuka kwamba yupo. "Una poda ya mtoto? Zima gari, lipoe, pakaza poda juu ya injini, kwenye kingo zote. Halafu washa, uache iungurume. Oili itajiandika yenyewe."

Hyasinta alikuwa na kopo la poda ya mjukuu wake. Waliipaka injini mpaka ikawa nyeupe kama bibi harusi aliyesingwa, wakawasha, wakainama vichwa vimegusana. Hawakuthubutu hata kupepesa. Upande wa chini, poda ilibaki kavu. Ubavuni, kavu. Nyuma, kavu. Kisha Shamsa akaona doa dogo, la manjano, likichomoza kwenye ukingo wa mfuniko wa juu, likinenepa, likianza kuteremka kama chozi.

Akasubiri lingine litokee mahali pengine. Halikutokea.

"Fundi," alisema. "Inavuja mahali pamoja. Chini ya mfuniko wa juu tu."

"Hiyo ni gasketi, ule mpira wa kuziba mfuniko," Vitalis alisema, na alisikika amefurahi kana kwamba ni gari lake. "Injini yako nzima, dada. Nisamehe. Kesho nakuja hapo kuibadilisha mwenyewe."

Alikuja kweli, akavua mfuniko, akatoa gasketi iliyokauka ikakatika mikononi mwake kama biskuti, akaweka mpya. Kabla ya kuondoka aliwapigia simu vijana wake wawili waje kutoka Gerezani waone injini ilivyo. Sadalla aliizunguka Korola, akainama, akauona uso wake kwenye chuma. Kisha akaomba lifti.

Jioni ile walizunguka, Msimbazi hadi Mnazi Mmoja, Shamsa kwenye usukani na mumewe pembeni. Hakukuwa na harufu ya kuungua, hata foleni ilipowakamata. Wakaingia kituo cha mafuta. Mhudumu alipomaliza kujaza, Shamsa akavuta kitasa cha boneti.

"Hebu nipimie na oili, kaka."

"Oili ameipima yeye asubuhi," Sadalla alimwambia mhudumu. "Anataka tu uone."

Mhudumu akainua boneti, akabaki ameishikilia, kisha akageuka na kumwita mwenzake wa pampu ya pili aje.