Faili Lenye Ukubwa Chini ya Sifuri

Mke wangu alifariki wakati wa kupalilia mikorosho. Hakuacha picha nzuri. Ile ya kitambulisho amefumba macho. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye video ya siku tulipomtoa binti yetu unyagoni, hapa Kitangari.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda na magari yao hadi huku juu kwetu, kusiko na maji, na nyuma yao vikaja vitu vingi: mitumba, redio za betri, simu za mkononi, na kamera moja ya video. Aliyeinunua alikuwa mtu mzima wa Mkunya, mkulima kama mimi, akaacha jembe akawa mpiga video.

Kwetu mwali akitoka, kila upande wa ukoo huingia uwanjani kwa zamu, na ngoma yake na zawadi zake. Wenye mwali huingia mwisho. Sasa ilipokuja kamera, wazee waliona hatari. Ndugu asiyeonekana kwenye video atasema hakuhesabiwa kuwa ndugu, na maneno ya namna hiyo hayaishi hata kwa mazishi. Wakamwamuru mpiga video asizime kamera hata kidogo. Alibadilisha kanda tu. Baadaye, alipokwenda Mtwara kuzihamishia kanda zile kwenye diski ya kompyuta, shemeji zangu wawili walifuatana naye kumsimamia. Wakamkataza kuweka vipande vipande, maana kipande kimoja kikipotea, ukoo mmoja umepotea. Akaziunganisha zote zikawa faili moja. Kisha kanda zile akarekodia harusi za watu wengine, kwa sababu Newala kanda mpya hazikupatikana.

Faili hilo hakuna aliyewahi kulitazama. Tulisema tutalitazama tukipata nafasi.

Baada ya arobaini nilimwendea mpiga video. Alinipa pole, akaingia ndani, akatoka na diski iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Baba, kompyuta za hapa zinalikataa faili lenu," alisema. "Nenda Masasi ukajaribu. Lakini ngoma ya kwanza ya msimu huu ni Jumamosi jioni, na diski ninayo hii moja. Nikianza kazi, cha zamani kitafutika."

Nikashuka Masasi na gari la magunia.

Pale mjini kulikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Mwenye duka alikuwa mama wa Kimakua aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kumuuguza mama yake. Wamakua ni watani zetu.

"Shikamoo, mtani," alinisalimia.

"Marahaba," nikaitika, nikamweleza nilichofuata.

"Msiba nimeusikia, pole sana. Lakini nyie Wamakonde mna nini? Mlipanda huko juu mkasahau kubeba maji. Leo mnasahau na sauti za wake zenu?"

Waliokuwa wakisubiri fotokopi waligeuka kututazama. Mimi nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Alichomeka diski, akalifungua faili. Mashine ilifikiri kwa muda mrefu, kisha ikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi.

"Programu hii inataka kulimeza faili zima kwanza, ndipo ikuonyeshe," alisema. "Mashine yangu ni ndogo. Na hata ingekuwa kubwa, mfumo unaoiendesha una kipimo. Programu moja haipewi zaidi ya pale."

"Kipimo hicho kaweka nani?"

"Waliotengeneza."

"Hawakujua kuna watu wenye koo nyingi."

"Hawakupita Newala, mtani."

Akaanza kuandika programu yake mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi nikitazama maandishi ambayo sikuyaelewa. Elimu yangu ni darasa la saba. Alinieleza kwamba programu hiyo itasoma kipande kidogo, itakinakili, itakiachia, ndipo ichukue kingine. Hivyo mashine haitabeba zaidi ya uwezo wake. Nikamwambia hilo nimelielewa, kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kupandisha kisima kizima kutoka bondeni. Akasema kumbe shule nilikwenda.

Ilifanya kazi. Kila upande wa ukoo alioupata aliutolea sidii yake, yaani kile kile wazee walichokataza. Niliwaona wajomba kutoka Mnyambe wakiingia na beseni kichwani. Niliwaona mashangazi. Nilimwona shemeji yangu mkubwa akipita mbele ya kamera, akizunguka nyuma ya nyumba, akipita tena.

Kisha ikasimama. Mashangazi walikuwa wameinua mikono, na mikono ikabaki juu.

"Mkeo yuko wapi hapa?"

"Bado. Sisi ndio wenye mwali."

Aliiuliza mashine faili lina ukubwa gani. Ikatoa namba ndefu yenye alama ya kutoa mbele yake. Aliitazama, akafuta, akauliza tena. Ikatoa ile ile.

"Faili lako lina ukubwa chini ya sifuri," alisema.

Nilimuuliza kama kitu kinaweza kuwa kidogo kuliko kutokuwepo. Akasema kwenye kompyuta kinaweza. Sikushangaa sana. Nyumbani kwangu pia ilikuwa hivyo.

Kosa lilikuwa kwenye kuhesabu. Nafasi aliyoipa programu ya kuandikia namba ya mahali ilipofika ilikuwa fupi. Ikipita bilioni mbili na kitu, nafasi inajaa, na namba inageukia upande wa hasi. Basi programu ilipofika pale ikawa haijui iko wapi. Ilibidi aandike upya sehemu ile, aipe namba nafasi ndefu zaidi. Alipoanza tu, umeme ukakatika.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa umeme haukurudi. Nilikaa barazani kwake. Hakuniambia nitapata wala sitapata, na nilimshukuru kwa hilo. Mara moja alitoka na chai.

"Mtani, ukiendelea kukaa hapa wateja watadhani msiba ni wangu."

"Ni wako pia. Si umeshaanza kupika?"

Jumamosi asubuhi feni ya dukani ilianza kuzunguka. Alikimbilia kiti bila kunisalimia. Aliandika, akaendesha, ikakataa, akasahihisha, akaendesha. Mikono ya mashangazi ikashuka. Faili likaendelea.

Uwanja ulikaa mtupu kwa muda, kisha ngoma yetu ikaingia. Mbuzi alikuwa amesimama juu ya mkeka wa mwali. Ndipo nikasikia mwanamke akisema, "Jamani, huyu mbuzi naye kaalikwa na nani?"

Sikumtambua.

Nasema kama ilivyokuwa. Nilidhani ni jirani. Sauti niliyokuwa nayo kichwani tangu mazishi ilikuwa nzito kidogo, ya taratibu. Kumbe ilikuwa ya dada yake, aliyekaa nasi siku zote za msiba. Hii ilikuwa nyembamba na ya haraka, na ilikuwa ya mke wangu. Aliingia kwenye picha akiwa na kanga begani, akamshika mbuzi pembe.

Mama yule alinitazama, akarudisha macho kwenye kioo.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Sidii haichukui kipande kirefu, mtani. Nikate wapi?"

Nilimwambia asikate, amwache mpaka atoke mwenyewe. Akaondoa mkono kwenye kibodi. Mke wangu alimvuta mbuzi, mbuzi akagoma, watu wakacheka, akawaambia wacheke wakimaliza waje wamsaidie. Hakuna aliyekuja. Akamsukuma kwa goti hadi pembeni mwa picha, wakatoka wote wawili.

"Sasa," nikasema.

Akakata.