Beleshi la Shemeji Barthélemy

"Weka beleshi chini, shemeji! Ukizoa hata kijiko kimoja cha jivu langu, nitakuzoa na weye humo humo!"

"Mama Générose, acha makelele. Nimekuja kukusaidia."

"Kunisaidia!" Générose alitema mate, karibu kabisa na kiatu cha Barthélemy, kile cheusi kilichong'arishwa utafikiri kinaenda kuoa. "Moto wa pori ulipotelemuka mulima, ulikuwa wapi? Nilikuita mpaka mbuzi wa kule Niemba wakaitika. Weye peke yako hukusikia."

Barthélemy alikuwa mudogo wa marehemu Papa Elie, bwana wa Générose, aliyefanya kazi ya reli, shemandefere, hadi mugongo ukamushinda. Mugongo wa Barthélemy haukuwahi kumushinda, kwa sababu hakuwahi kuutumia. Alikaa kwenye biro kule bandarini akigonga muhuri, na kila akigonga mara moja alipumzika, mukono usije ukavimba.

Moto wenyewe haukuwa wa kuchezea. Uliruka barabara kwa hatua moja, ukakunja mabati ya Générose kama majani ya muhogo ya sombe. Joto lilifika ziwani kule Zongwe, watu wakaopoa samaki waliokwisha kuiva. Asiyeamini aende akaulize.

Basi wanagombania nini, majivu? Ndiyo, njo hivyo. Katika mutaa ule, nyumba ikiungua, anayeanza kuzoa majivu njo mwenye parsele, kiwanja chenyewe. Muntu mwingine hayagusi, kama asivyofunua chungu cha wenyewe. Shefu wa mutaa hupita, akaangalia nani ameshika beleshi, akamupa kiwanja, maneno yakaisha. Générose alichelewa kwa sababu la kwake liliungua mupini. Barthélemy alijua. Tena yeye mwenyewe njo alimuita shefu apite asubuhi hiyo.

Akavaa glavu mpya, akainua bati moja kwa ncha za vidole.

"Angalieni!" Générose akaita majirani. "Anashika bati kama mutoto aliyejinyea!"

Mama Léontine, jirani, akacheka hadi akashika ua. Barthélemy akakasirika, akachota jivu, upepo ukamurudishia lote usoni. Akapiga chafya kama injini ya mutumbwi inayokataa kuwaka.

"Sukuma kwa muguu, shemeji! Ao muguu nao unangoja muhuri?"

Akasukuma kwa muguu. Alikanyaga musumari uliosimama, bado una moto. Yowe alilopiga! Akatupa beleshi, akaruka muguu mumoja kuzunguka jiko lililobomoka, akaanguka juu ya tofali, akavua kiatu.

Générose hakumupa pole. Aliokota beleshi, akainama, akaanza: jivu, vipande vya tofali, bati, jivu tena, yote anayarushia shimoni nyuma ya choo. Mikono ikawa myeusi hadi viwikoni.

"Rudisha beleshi langu!"

"Njoo ulichukue. Ruka tu, unaruka vizuri."

"Mama Léontine, weye ni shahidi! Beleshi ni langu!"

"Niliona beleshi lako likilala chini," Léontine akajibu. "Anayezoa njo ninamuona sasa."

"Elie alikuoa bila kutuuliza!" Barthélemy akapayuka. "Kiwanja hiki ni cha ukoo, na miye njo mukubwa aliyebaki, na Shefu Michel akifika nitamuambia kwamba weye—"

"Hodi hapa!"

Shefu Michel alikuwa amekwisha kuingia, kofia mukononi, macho yake kwenye mikono ya Générose iliyoshika beleshi. Barthélemy akabaki juu ya tofali, kiatu kimemuning'inia kidoleni.