Mfuko wa Mchanga

Theluji ilikuwa inamwagika mjini Fridley, ughaibuni. Dukani, mbele yangu kwenye foleni, nesi mmoja Mtanzania alikuwa analipia mfuko wa mchanga wa kuweka kwenye buti la gari, ili lisiteleze barabarani.

Mzee Mwingereza nyuma yake akaupapasa. "Vitani kaka yangu aliweka kama huu mkiani mwa ndege yake. Ilikuwa ndege ya kutua nchi kavu, naye ilimbidi atue melini, na manowari zetu za kwanza za kubeba ndege zilikuwa fupi. Mchanga uliizuia isibinuke ikifunga breki."

"Akatua salama?"

"Salama kabisa. Siku hiyohiyo Wajerumani wakaizamisha manowari, naye ndani."

Nesi akamshika mkono. Mzee akaubeba mfuko mwenyewe hadi kwenye gari la nesi, akaukandamiza mara mbili kwa kiganja.

Siku hizi mtu akinipigia kwamba amefika salama, namwambia, "Mungu mkubwa. Na kesho nipigie tena."