Hajji Abdul-Karim Juu ya Mabati ya Povu

Barabara ya kuingilia mtaa wao wa Kawempe inateremka kutoka juu, kwa hiyo mgeni wa Hajji Abdul-Karim huliona paa kwanza, mlango baadaye. Na paa hilo lilikuwa limegeuzwa choo na kaloli, ndege wale wakubwa wenye upara wanaoshiba taka za soko la Kalerwe kisha kuja kupumzika juu ya nyumba za watu. Alasiri hiyo wakwe walitazamiwa kuja kutoka Mengo kumposa Lailah, binti yake wa mwisho. Hajji aliapa hawatakuta doa hata moja.

"Tafuta wanaojua kazi hiyo," mkewe, Hajati Zulaika, alimwambia.

"Mimi nimekuwa utingo miaka thelathini. Nimetembea juu ya shehena, lori linakwenda, Mombasa mpaka Juba. Nyumba haiendi popote."

Akapanda pekupeku, na ndoo ya sabuni na fagio. Alianzia ukingoni akasugua kwenda juu, kama alivyozoea kufunga turubai: chini kwanza, juu mwisho. Mabati yaling'aa, naye akaimba. Alipofika kileleni alikaa kama aliyepanda punda, akageuka kuitazama kazi yake, na wimbo ukakatika. Njia yote ya kurudia kwenye ngazi ilikuwa povu. Upande wa pili mabati yalikuwa yameliwa na kutu, hayabebi hata paka. Akajaribu bati lenye povu kwa unyayo. Mguu ukaondoka wenyewe.

"Zulaika!"

"Nakuona."

"Maji yameniishia."

"Na akili?"

Jirani yao Oloya, polisi mstaafu, akatoka na mswaki mdomoni. "Hajji, usisimame! Kaa hapo hapo, naleta kamba."

"Haraka, afande."

Kabla kamba haijafika, gari jeupe likatokea juu ya barabara. Wakwe! Waliogopa foleni, wakawahi kwa saa nne nzima. Hajji akapiga hesabu: akijiachia kwa matako, atakuwa chini kabla hawajafika, avae kanzu, aibu iishe. Ukingo ulikuwa juu kuliko kimo cha watu wawili, na chini yake saruji. Akaanza kulegeza magoti.

"Abdul-Karim!" Zulaika hakuwa amemwita jina kavu, bila "Hajji", tangu waoane. "Wewe ndiye walii. Ukivunjika shingo, nani atamwoza Lailah? Kaa!"

Akakaa.

Wageni wakaingia uani na kanzu zao nyeupe, nyuso zote zikaelekea mbinguni. Siraje, ami yake bwana harusi, akapaza sauti: "Asalaam alaykum, mkwe! Sisi tumewahi, au wewe umechelewa kushuka?"

"Waalaykum salaam! Karibuni mketi. Mimi nimeshaketi."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa majirani majumbani. Oloya alizungusha kamba kwenye shina la mfenesi nyuma ya nyumba, akarusha ncha moja juu ya paa, Hajji akajifunga chini ya makwapa. "Haya, wakwe, njooni huku nyuma mshike ncha hii! Tunaachia kidogo kidogo!" Siraje akakunja kanzu, akashika, wenzake wakamfuata. Hajji akashuka kwa tumbo, vidole vya miguu vikitafuta mistari ya misumari, mahali penye mbao chini. Aliteleza mara moja. Kamba ikakaza, wanaume wakaguna, mfenesi ukatikisika, naye akabaki ananing'inia, anacheka mwenyewe. Mguu wake ulipogusa ngazi, Zulaika akapiga kigelegele ambacho wengine hukiweka kwa ajili ya siku ya ndoa.

Wakamkalisha mkekani alivyo, povu ndevuni. Siraje akajikohoza, akarudisha adabu. "Mzee, tumekuja kuomba ua katika nyumba hii. Tutajie masharti yako."

Nyuma ya pazia, Lailah alitega sikio.

"Sharti ni moja," Hajji alisema. "Paa hili kila mwaka lioshwe na kijana wenu, tena na viatu na kamba, na aanzie juu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa chini nimkosoe."

"Tumekubali!" walijibu kwa pamoja, na nyuma ya pazia mtu akashindwa kuzuia kicheko.