Mkwe Nyuma ya Pazia

Tulikuwa tunapima unyumbufu wa mishipa ya damu kwenye zahanati moja ya upande wa Sepuka. Kifaa chenyewe kina kalamu ya kuhisi mapigo: unaiweka shingoni, kisha kinenani, na kompyuta inahesabu pigo limesafiri kwa muda gani. Mshipa laini hutanuka na kulichelewesha. Uliokakamaa hulipitisha mbio, na mwenye mshipa huo yuko jirani na kiharusi.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kukitumia, na majivuno nilikuwa nayo, sifichi. Siku ya pili nikaita anayefuata. Akaingia mama mkwe wangu. Aliponiona alisimama mlangoni, akavuta kanga usoni.

Kwetu mkwe hata mkono humpi. Unachuchumaa mbali, unamsalimia ukitazama chini. Leo nimguse kinena? Nilichomoka nje, nikamkamata muuguzi wa zamu, binti ambaye hajawahi kuishika kalamu ile, nikamsukumia kazi. Mimi nikakaa na kompyuta upande wa pili wa pazia.

"Shuka kidogo," nilimwelekeza. "Bonyeza. Siyo hapo!"

Shingoni alikuwa ameweza, lakini kinenani mstari kwenye skrini ulilala tu. Nilimsikia mama akihema kwa aibu, nami hasira zikanipanda: kwa binti wa watu, kwa mila, kwangu mimi mwenyewe. Mama mzazi wa huyu mkwe wangu alianguka na kiharusi akichota maji, mke wangu alinisimulia. Niliogopa kumrudisha nyumbani bila kipimo.

"Binti, nipe hicho," mama akasema. "Mwambie aseme ni wapi, nitatafuta mwenyewe."

Nikasogea karibu na pazia. "Kwenye mkunjo wa paja, mama, katikati. Ukisikia panadunda, tulia hapo hapo."

Mawimbi yakatokea, mazuri, yamepangana. Nikafurahi kijinga. Kisha jibu likaja, na lilikuwa baya kuliko la yeyote tuliyempima pale.

Nikaliandika kwenye karatasi, nikaipitisha chini ya pazia. Muuguzi aliiokota, akaisoma. Mama hakungoja asomewe.

"Muulize mkwe wangu," alisema. "Mimba ya mwanangu ina miezi mitano. Huyo mtoto nitampakata?"

Muuguzi alifungua mdomo aniulize. Nilimwahi.

"Utampakata, mama," nilisema kwa sauti kubwa. "Daktari atakuona leo hii, na dawa utaanza."

Kompyuta haikuwa imesema hivyo, na nilijua.